Kidonge cha Mtakoma

"Kidonge hakitangulii ugali." Jana mlimsikia Bibi Sekinyaga akimwambia kocha wenu maneno hayo, mkaangua kicheko, na leo mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Yalizaliwa hapa hapa kijijini, kwa sababu ya mbwa, na mambo yalikwenda hivi.

Kihwele, marehemu mume wa Sekinyaga, alikuwa na shamba la mahindi chini ya mlima wenye nyani. Shamba hilo ndilo lililolisha nyumba yake, na mlinzi wake alikuwa mbwa aitwaye Mtakoma. Nyani walimwogopa. Lakini uzee haupigi hodi. Mtakoma akaanza kuinuka kwa shida, mguu wa nyuma akiuburuta. Nyani si wajinga. Wakashuka na kuvunja mahindi mabichi huku wakimtazama.

Daktari wa mifugo, Chengula, alimpapasa nyonga akasema ni baridi yabisi ya viungo. Kupona kabisa hataweza, ila vipo vidonge vya kupunguza uvimbe na maumivu. "Mpe akishakula," alisisitiza, "si kabla."

Mtakoma akakimbia tena, na nyani wakarudi mlimani. Sasa sikilizeni kosa lilipoingia. Wazee wetu hawakumlisha mbwa wa shamba asubuhi. Walisema akishiba atalala. Alikula jioni, akitoka kazini. Lakini Kihwele aliitaka miguu ya mbwa asubuhi. Basi akampa kidonge asubuhi na ugali jioni, akajiona amewaridhisha wote, daktari na mababu.

Haukupita muda mrefu Mtakoma akaanza kutapika. Choo chake kikawa cheusi kama lami, naye akalala kwenye majivu, hata mkia hautikisiki. Chengula akaitwa.

"Kidonge unampa na nini?"

"Na maji, Dokta."

"Na chakula?"

"Dokta, mbwa wa shamba halishwi kabla ya kazi."

"Tumbo tupu limechubuliwa na dawa. Anavuja damu ndani."

 Sekinyaga akamgeukia mumewe.

"Baba, wewe umewahi kwenda shamba bila kula?"

"Mimi ni mtu."

"Na tumbo lake ni la nini, la mti? Unataka akulindie chakula ambacho yeye hujampa! Kidonge hakitangulii ugali."

Chengula alisimamisha vile vidonge, akatibu tumbo kwanza. Sekinyaga alimnywesha uji kwa kiganja, na nyani wakala mahindi watakavyo. Kihwele aliwaona, akabaki nyumbani kumwangalia mbwa wake. Alimpenda, ingawa hakuwa mtu wa kusema.

Mtakoma alinusurika. Chengula aliporuhusu dawa tena, Kihwele alimnyooshea kidonge kwa mkono wake. Mbwa akageuza uso. Kihwele akaenda jikoni, akaleta ugali, akauweka chini na kusubiri. Mtakoma akala taratibu mpaka akamaliza, kisha akakichukua kidonge mkononi mwa bwana wake. Na kulala hakulala, alikwenda shambani.

Kocha wenu alikuwa akiwakimbiza alfajiri na matumbo matupu, kisha akiwafokea kwa kuanguka. Nilipopita uwanjani leo niliona sufuria ya uji imeinjikwa, yeye mwenyewe akichochea kuni. Hakuna aliyemgombeza. Aliambiwa tu kwamba kidonge hakitangulii ugali.