Utomvu kwenye Gwanda la Nyati

Hapo zamani za kale, Nyani alipokuwa akiiba mchana kweupe wala hajui aibu ni mdudu gani, wanyama wa bondeni walikuwa na kijiji chao. Kijiji kilizungukwa na ua wa minyaa, na ua ule ulikuwa na pengo moja la kutokea. Moja tu.

Kila mtama ulipokauka, Nyani walishuka kutoka mlimani na makombeo yao. Na Nyani hatupi jiwe ovyo. Msimu uliopita lilimpata Pofu kwenye paji la uso, palepale pengoni, akafukiwa na pembe zake.

Basi kijiji kikaunda mgambo. Kamanda akawa Nyati, kwa kuwa ana kifua kipana na sauti ya kutosha. Sajini wake akawa Kifaru. Lakini mgambo bila adui ni kwata tu, ikabidi atafutwe mtu wa kuwa Nyani wa mazoezi. Kazi hiyo hakuna aliyeitaka. Akatwishwa Bi Nguchiro, mjane mdogo wa umbo, mwepesi kama cheche, mdomo wake hauna kufuli.

Bi Nguchiro hakukataa. Binti yake Siwema alikuwa mgambo, tena kapangwa mbele kabisa, akitanguliwa na Nyati na Kifaru peke yao.

Mazoezi yalikuwa hivi. Bi Nguchiro alikusanya maganda matupu ya mayai ya kwale, akayajaza majivu, akayaziba kwa nta, akayarusha kwa kombeo. Ganda likikupata halikuumizi. Linapasuka tu, pwaa, linakuachia doa jeupe. Mwenye doa amekufa. Anakaa chini mpaka ngoma ilie.

Siku ya kwanza Nyati akatoka pengoni mbio, jeshi lote nyuma yake, vumbi tupu. Bi Nguchiro kajilaza kwenye magugu. Pwaa, Nyati kifuani. Pwaa, Kifaru ubavuni. Pwaa, Siwema shingoni.

Siwema akakaa chini. Nyati akajikung'uta majivu na kuendelea na safari.

"Afande, umekufa," Bi Nguchiro akamwita.

"Nani?"

"Wewe. Kifuani hapo."

"Limenigusa tu. Kuguswa si kufa."

"Na sajini?"

"Hili ni vumbi la njiani," Kifaru akasema, huku akijipangusa. "Halafu ngozi yangu unaijua."

"Hata Pofu alikuwa na ngozi."

"Pofu alikuwa na bahati mbaya," Nyati akasema. "Siwema, inuka. Mgambo wangu hakai chini kwa ajili ya jivu."

Siwema akamtazama mama yake, akainuka, akajikung'uta. Na wengine nao, kung'u kung'u kung'u, wote wakafufuka.

Msicheke, nyie. Jana nimewasikia mkicheza rede. Mpira unamtua mtu mgongoni, paa, anasema haujanigusa.

Ikawa hivyo kila zoezi. Nyati akatembea kijiji kizima akisifu mbinu yake ya kutoka kifua mbele.

Jioni moja Bi Nguchiro akamwambia binti yake jikoni, "Siku ya Nyani usitoke pale pengoni."

"Mama, nitaitwa mwoga."

"Ukitoka utaitwa marehemu."

"Afande anasema tukitoka kwa pamoja..."

"Afande wako nimemwua mara nyingi kuliko ninavyochambua mchicha. Tatizo lake, hana habari."

Siwema akacheka. Lakini hakusema kwamba hatatoka, na mama yake akaliona hilo. Kicheko cha mtoto hakizuii jiwe. Kulipopambazuka Bi Nguchiro akachukua kisu na kibuyu, akaenda migombani.

Siku hiyo mwenyekiti wa kijiji, Bi Tembo, alikuwa anakuja kukagua mgambo. Wake na mama zao walikuwa wameshawashonea magwanda mapya ya kaki.

"Afande," Bi Nguchiro akasema, sauti imepakwa asali, "majivu yatawachafulia kaki hii. Leo nimejaza maji tu."

"Sasa unaanza kupata akili."

"Yakikauka hapana doa."

"Hata yasipokauka hapana doa," Nyati akasema, na Kifaru akacheka mpaka kifungo kikamruka.

Wakatoka pengoni. Kwa kuwa ni maji, hakuna hata aliyeinama. Pwaa, pwaa, pwaa. Waliolowa walilowa, hakuna aliyekaa chini. Wakala ubwabwa, wakalala kivulini, magwanda yakawakaukia mwilini.

Alasiri wakapanga mstari. Bi Tembo akapita polepole akiwatazama.

"Mama Mwenyekiti," Nyati akasema, kifua mbele, "tangu tuanze, kikosi changu hakijapoteza hata mtu mmoja."

Bi Tembo akanyoosha mkonga, akamgusa kifuani. "Na hiki ni nini?"

Nyati akatazama. Doa la kahawia, limekoza, pana kama kisahani. Akajikung'uta. Akajikung'uta tena kwa nguvu. Doa limetulia.

"Huo ni utomvu wa mgomba," mkewe akasema kutoka kwa watazamaji. "Unatoka kama maji, ukikauka unakuwa hivyo. Na hautoki huo, hata nichemshe na magadi. Bwana huyu kaniharibia gwanda."

Wakageukiana. Kifaru analo ubavuni. Aliyemfuata analo tumboni. Siwema analo upande wa kushoto, juu ya moyo. Bi Nguchiro ndiye aliyelirusha, lakini alipoliona pale lilipokaa, alitazama pembeni.

"Ulisema ni maji," Nyati akamgeukia. "Umenidanganya."

"Nimekudanganya. Kwani Nyani wao watakupigia hodi?"

"Walio safi wasogee mbele," Bi Tembo akasema.

Akasogea Nungunungu, peke yake, anaona haya.

"Wewe ulitokea wapi?"

"Mimi, Mama, pale pengoni nikisongamana na watu miba yangu inawachoma, wananitukana. Nilichimba chini ya ua. Kule nyuma ya choo."

Watu wakacheka. Nyati hakucheka.

"Bi Nguchiro," akauliza, "huwa unanipata wapi?"

"Kabla mguu wako wa nyuma haujatoka pengoni."

"Kila mara?"

"Kila mara, afande."

Nyati akalitazama doa lake, akalitazama la Siwema. Kisha akakunja magoti, na dume zima lile likakaa chini mavumbini, puu.

"Basi nimekufa," akasema. "Nanyi wenzangu, kaeni. Halafu mama huyu atufundishe kutoka."

Kesho yake mashimo yakachimbwa chini ya ua, na maganda ya mayai yakarudi na majivu yake. Aliyepatwa alikaa, na aliyekaa alifikiri. Wakakaa sana. Halafu wakaanza kukaa kidogo.

Nyani waliposhuka, walijibanza kwenye magugu, makombeo tayari, macho pengoni. Ndani ya ua Nyati akanguruma, "Kifua mbele, tokeni!" Hakutoka mtu. Akanguruma tena, anapiga na kwato chini, gudu gudu gudu, na Nyani wakazidi kukodolea pengo tupu.

Mgambo wote walikuwa wameshapita mashimoni, wakiongozwa na Siwema. Kifaru alipita wa mwisho, akakwama, wakamwacha hapohapo awe kizibo. Wenzake wakazunguka kimya kimya. Mkubwa wa Nyani alisikia mtu anakohoa nyuma yake. Kugeuka, rungu hili hapa.

"Weka kombeo chini, baba," Siwema akamwambia. "Taratibu."

Waliweka yote. Wakapanda mlima mikono mitupu, na mtama haukupungua hata suke, wala kaburi halikuchimbwa.

Nami ngano yangu naitua hapa, kila mtu abebe lake: asiyekubali kufa mchezoni hufa kweli vitani.