Bakuli la Ndimu kwa Musyu Jogoo

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka maana hata mimi sikuwa nimezaliwa, wanyama walikuwa na nyumba, na wakwe, na masengenyo kama ninyi. Kaeni vizuri. Anayetaka kwenda kukojoa aende sasa, mimi sirudii.

Fisi alitaka kuoa. Ndiyo, Fisi! Na uso ule ule. Akapata mchumba mjini, binti wa mafisi wenye vitu vyao. Akamchukua Mzee Kiboko awe mshenga wake, kwa sababu Kiboko alikuwa na sauti nzito na kitambi, na watu wengi hudhani kitambi ni hekima. Wa tatu alikuwa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mdogo kama paka, hana mkia, anaota jua juu ya mawe. Huyo walimchukua awabebee mizigo.

"Utakula nasi njiani," Fisi alimwambia. "Utakula mpaka ututoroke!"

Bi Pimbi alikuwa na kitoto mgongoni, bado kinanyonya. Akaona, haya, mama akila na mtoto amepata. Akajitwisha mzigo.

Huko njiani sasa! Jioni ya kwanza sinia likatua, ugali na nyama, mvuke unapanda. Bi Pimbi akanyoosha mkono.

"We!" Kiboko akanguruma. "Umelelewa wapi? Mdogo huwanawisha wakubwa. Wakubwa hula. Wakubwa wakishanawa, ndipo mdogo hula kilichobaki."

"Na wakubwa wakishanawa hawarudi tena kwenye chakula?"

"Anayenawa kisha akarudi kwenye chakula ni mbwa huyo! Ndiyo mila."

Basi Bi Pimbi akashika birika, akawanawisha, akakaa pembeni. Wenzake wakala. Nyam, nyam, chwaa! Fisi alipomaliza nyama akatafuna mifupa, kwa! kwa! kwa! Wakanawa. Kilichobaki ni sinia tupu, linang'aa hata ungeweza kujitazama meno.

"Karibu, Bi Pimbi," Fisi akasema. "Hi-hi-hiii! Kula kilichobaki!"

Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Bi Pimbi akawa anatafuna majani makavu ya kando ya njia, na maziwa yakakauka. Kitoto kikanyonya, kikaachia, kikalia. Mwisho kikaacha hata kulia. Sikilizeni, mtoto akilia si neno. Ogopeni mtoto aliyeacha kulia. Bi Pimbi akajua moyoni: leo nisipokula, kesho nabeba maiti.

Siku hiyo ndiyo wakaingia mjini. Wakapokelewa na Shangazi wa bibi harusi, fisi mzee mwenye miwani na maneno yaliyopigwa pasi. Huyo ndiye aliyekuwa na kauli. Akisema "hafai," hakuna ndoa, mrudi mlikotoka.

"Karibuni," akasema. "Leo nyumbani hatupiki. Tunakwenda kula kwa Musyu Jogoo, Mfaransa. Nimeshalipia wote. Kule mtu anajipakulia mwenyewe, anakula, anaongeza, anakula tena, mpaka mwenyewe aseme basi."

"Mpaka aseme... basi?" Mate yakamdondoka Fisi, tii! Kiboko akamkanyaga mguu.

"Sisi ni watu wa mila, Shangazi," Kiboko akasema na kujikohoza. "Kijana wangu si mlafi kama wanavyomsingizia. Utaona mwenyewe."

"Nitaona," Shangazi akajibu, akapangusa miwani.

Wakafika. Looo! Taa zinaning'inia darini kama mvua iliyoganda. Vitambaa vya meza vyeupe kuliko sanda. Kunguru wanapita na sahani, makoti meusi, kola nyeupe, hakuna anayelia hata "kwaa." Na mlangoni Musyu Jogoo mwenyewe, kifua mbele, kilemba chekundu kimesimama wima.

"Kokorikooo! Bonjuu, bonjuu! Piteni mtazame!"

Wakapita kutazama. Meza ya chakula ilikuwa ndefu, mwisho wake huuoni. Mikate mirefu kama fimbo. Supu ya vitunguu. Viazi vilivyolala ndani ya maziwa. Keki za ghorofa. Hivyo ni vya kawaida. Sasa vingine!

Kiboko akasimama ghafla mbele ya sinia moja, macho yamemtoka. "Yarabi! Musyu, hii ni nini?"

"Miguu ya vyura, bwana mkubwa. Tamu sana."

"Ya vyura? Hawa si ni majirani zangu!"

Bi Pimbi naye akachungulia chungu kimoja, akanusa. "Na hiki, Musyu?"

"Kuku kwa mvinyo."

"Kuku?" Bi Pimbi akamtazama Jogoo kuanzia kilemba mpaka kucha. "Kuku... wa kwenu?"

"Wa ukoo wa mbali," Jogoo akasema, wala hakupepesa jicho.

Bi Pimbi akarudi nyuma hatua nzima. Astaghafiru! Mjini kuna watu.

Fisi yeye hakuwa anasikia lolote. Alikuwa amesimama mbele ya jibini. Jibini lenyewe lina ukungu wa kijani, linanuka kama mzoga wa juzi. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Jamani," akanong'ona. "Jamani, wameozesha makusudi! Kumbe duniani kuna watu wenye akili!"

"Kaa chini," Kiboko akamwambia. "Anakutazama."

Kweli, Shangazi alikuwa amekaa meza ya pili na mashoga zake, miwani imeelekezwa kwao. Basi wakakaa. Kwa Musyu Jogoo desturi ni kwamba Kunguru anakuletea kwanza konokono, ndani ya magamba yao, wameogeshwa siagi na kitunguu saumu. Ukishamaliza hao ndipo unainuka kwenda kujipakulia.

"Konokono!" Kiboko akashika kichwa. "Mimi hawa huwakanyaga!"

Lakini wakubwa wakala, njaa haina adabu. Bi Pimbi hakugusa. Mdogo huyo, si anasubiri? Akawa anatazama meza ya jirani, alipokaa Ngiri na mkewe, wenyeji wa hapo. Akaona Kunguru amewaletea kibakuli cha maji, kipande cha ndimu kinaelea. Ngiri akachovya vidole, akapangusa, akainuka, akaenda kujaza sahani kama mlima.

Bi Pimbi akatabasamu kidogo. Kumbe! Kwa hawa kunawa ni katikati ya chakula. Kwetu kunawa ni mwisho.

Kunguru akaja na mezani kwao. Vibakuli viwili, ndimu inaelea. Fisi akakinyanyua chake hadi mdomoni. "Mchuzi gani mwepesi hivi?"

"Shemeji, usinywe!" Bi Pimbi akanong'ona. "Maji ya kunawa hayo! Na Shangazi yule anakutazama!"

Fisi akashtuka, akatumbukiza mikono yote miwili, chubwi! Akasugua mpaka kwenye viwiko, apate kuonekana msafi.

Kiboko akacheka. Wakati anacheka, konokono akamteleza vidoleni. Pyuuu! Gamba likaruka juu ya meza mbili, likatua kwenye kilemba cha Musyu Jogoo. Po!

"Kokori... koo?" Jogoo akasema.

Ukumbi mzima ukageuka kutazama. Kiboko akataka ardhi ipasuke immeze, ila ardhi gani ingemmeza yule?

"Mafuta hayo, mjomba," Bi Pimbi akasema kwa upole, na kibakuli ameshakisogeza. "Nawa, nawa haraka, aibu hii iishe."

Kiboko akanawa. Chubwi, chubwi.

Bi Pimbi akasimama juu ya kiti. Akapaza sauti, na sauti ya pimbi ni kali, kama hamjaisikia mwulizeni aliyelala karibu na mawe.

"Alhamdulillahi! Wakubwa wangu wamekula, wameshiba, wameshanawa!"

"Nini?" Fisi akasema.

Shangazi akaweka uma chini. "Mmeona?" akawaambia mashoga zake. "Mbele ya chakula chote hiki, kijana kala konokono akanawa! Na mlisema fisi walafi!"

Mashoga wakapiga vigelegele. Lililililiii!

"Lakini Shangazi, mimi bado..." Fisi akaanza. Kiboko akamfinya chini ya meza. Na Kiboko mwenyewe jasho lilikuwa linamtiririka, maana tumbo lake lilikuwa limeshaanza kuuliza.

Shangazi alikuwa na huruma yake pia. "Mwanangu, kama unataka rudia tu. Hawa Wafaransa hunawa katikati, si vibaya."

Fisi akainuka nusu. Macho yako kwenye jibini.

"Mzee Kiboko," Bi Pimbi akauliza, sauti tamu kama asali, "hebu nikumbushe ile mila yetu. Anayenawa kisha akarudi kwenye chakula ni nani? Nimesahau."

Shangazi ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kunguru nao wamesimama na sahani mikononi.

"Ni..." Kiboko akaitazama meza ya chakula. "Ni mbwa."

Fisi akakaa. Taratibu, kama mtu anayekalia msumari.

"Maneno mazito hayo," Shangazi akasema. "Na mdogo je?"

Kabla Kiboko hajafumbua mdomo, Bi Pimbi akamjibia. "Mdogo hula kilichobaki, Shangazi."

Akageuka akaitazama ile meza isiyoonekana mwisho. Hicho chote ndicho kilichobaki. Akashuka kitini, akachukua sahani, akaenda.

Alikula nini? Mkate mrefu kama fimbo, akaumaliza. Supu ya vitunguu, bakuli juu ya bakuli. Viazi vya maziwa, mboga za kila rangi, keki akabomoa ghorofa kwa ghorofa. Vyura na ukoo wa Jogoo akawapita, ana adabu zake. Maziwa yakarudi. Kitoto kikanyonya, kikacheua, beu! kisha kikalia kwa nguvu mpaka taa zikacheza, kwa kuwa mama alikihamisha titi.

"Kunguru," Bi Pimbi akasema, "niletee na lile jibini."

"Unalila?" Fisi akauliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Hapana, shemeji. Linanuka. Nataka nilione kwa karibu."

Likawekwa hapo, chini ya pua ya Fisi, mpaka wageni wakaanza kuondoka.

Musyu Jogoo akapita, siagi bado kwenye kilemba. "Wageni wangu, chakula kimekuwaje?"

Tumbo la Kiboko ndilo lililojibu: nguruuuu!

Mnataka kujua kama Fisi alioa. Alioa, tena siku hiyo hiyo. Shangazi alimshika bibi harusi mkono, akampa wosia mbele ya watu wote: "Binti yangu, una bahati. Mume huyu hali. Kila siku mpikie kidogo tu, usije ukamwudhi."

Ukitunga sheria ya sinia, omba isije ikakukuta na njaa.