Alama ya Mkaa Langoni pa Bi Ghaniya

Wamesimulia waliotutangulia katika wema kwamba palikuwa na mshona viatu akiitwa Mudriki, mtu wa ibada, mwepesi wa machozi katika sala, mwenye adabu ambazo watu wa mji wake walizitolea mfano mbele ya watoto wao. Kasoro yake aliijua yeye na Mola wake tu: alikuwa mwoga.

Mwaka mmoja mto ulifurika ukakivamia kijiji cha jirani. Maji yalipopungua, imamu wa mji, Sheikh Khuzaima, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisimama baada ya sala ya alfajiri akaomba watu wa kujitolea kwenda kuzoa tope, kufukia mizoga na kuwatafuta waliopotea. Mudriki alikuwa safu ya mbele kabisa. Angejificha wapi? Akanyoosha mkono pamoja na wenzake, huku moyo wake ukiulaumu mkono huo.

Wakafika wakiongozwa na Sheikh. Nyumba za kijiji kile zilikuwa za udongo, nazo zilikuwa zimelowa kutoka msingi hadi paa. Hawajatua hata majembe, ukuta mmoja ukaporomoka mbele ya macho yao, bila upepo wala mguso wa mtu. Mudriki akarudi nyuma hatua mbili. Sheikh akamgawia kila mmoja kipande cha mkaa.

"Piteni nyumba hadi nyumba," akasema. "Mkimkuta mtu, mtoeni. Isiyo na mtu, itieni alama langoni. Zenye alama ambazo kuta zake ni mbovu tutaziangusha kwa kamba, zisije zikaua watu."

Mudriki akapangiwa nyumba ya ajuza mmoja, Bi Ghaniya, ambaye majirani walidhani amekimbilia mlimani. Tope lilikuwa limeziba nusu ya mlango. Paa limelala upande mmoja, na mbao zake zikilialia. Mudriki akasimama langoni pa ua, hakusogea tena. Akatoa salamu. Kimya. Akatoa ya pili, kisha ya tatu, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia.

Nanyi mnaijua adabu yetu: abishaye hodi mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka. Ni adabu njema, imewekwa kuhifadhi sitara za watu majumbani mwao. Lakini Mudriki siku ile aliishika kama mtu aliyeokota ngao vitani. Nimebisha, sikuitikiwa, sina ruhusa ya kuingia, akajiambia. Akachora alama kwenye nguzo ya lango, akaondoka mbiombio.

Baada ya sala ya adhuhuri, ambayo Mudriki hakujua hata alisoma nini ndani yake, Sheikh akaielekea nyumba ile.

"Hii nani ameikagua?"

"Mimi, Sheikh."

"Hamna mtu?"

"Nilitoa salamu mara tatu, sikuitikiwa."

Kila neno, kwa alivyojua, lilikuwa kweli, na jawabu zima lilikuwa uongo. Sheikh akamwombea kheri. Kamba zikafungwa kwenye nguzo za nyumba, wanaume wakakaza mikono, wakingoja kuambiwa bismillahi. Hapo Mudriki akashikwa na hofu nyingine, ambayo ile ya asubuhi ilikuwa mchezo mbele yake. Akaona akinyamaza sasa, atasimama mbele ya Mola na jambo hili mkononi. Akaja akasimama kati ya wavuta kamba na nyumba.

"Subirini," akasema. "Alama ile ni yangu, nayo ni ya uongo. Sikuingia. Niliogopa."

Watu wakatazama chini kwa haya. Sheikh hakumkaripia. Aliuliza tu nani ataingia, na kijana mmoja mwenye nguvu akajitokeza. Mudriki akamzuia.

"Niache, ndugu yangu. Niliyeichora ni mimi."

Wala msidhani woga ulimtoka. Aliingia nao, akitambaa juu ya tope, udongo ukimdondokea shingoni, na kila ubao ulipolia alitamka shahada akidhani ndiyo saa yake. Kwenye chumba cha ndani akamkuta Bi Ghaniya amebanwa na boriti, tope limemfika kifuani. Alikuwa hai. Mudriki akaanza kuchimba kwa mikono.

"Wewe ndiye uliyetoa salamu asubuhi?" ajuza akauliza kwa sauti ya kunong'ona.

"Ndiye mimi, mama."

"Niliitikia zote, mwanangu. Lakini ulisimama mbali."

Mudriki alichimba huku akilia, akambeba mgongoni, akatoka naye hadi juani. Kamba zilipovutwa, nyumba ikalala chini kwa mvuto wa kwanza.

Ndugu zangu, mja haulizwi kwa nini moyo wake ulitetemeka. Ataulizwa alijificha nyuma ya nini. Mwingine hujificha nyuma ya kazi, mwingine nyuma ya maradhi, na wachamungu, Mola atusitiri, hujificha nyuma ya dini yenyewe. Bi Ghaniya, naye amezikwa nusu, aliutimiza wajibu wake wa kuitikia salamu. Mola atujaalie tusogee karibu, hata kwa miguu inayotetemeka, hadi tuwasikie wanaotuitikia.