Nishani ya Mpishi Faki

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Nina kesi iliyonishinda, nataka mnisaidie kuiamua.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabaharia watatu wa pwani walitumikia manowari moja ya Waingereza. Kitsao alijaliwa masikio: injini ikikohoa, alikwambia ni skrubu gani imelegea. Msellem alijua njia: angeizunguka meli nzima amefumba macho, asijikwae. Shomvi alikuwa na mikono: gurudumu la chuma lililowashinda watu wawili, yeye alilizungusha peke yake.

Asubuhi moja ndege ya adui ikaangusha bomu. Meli ikatikisika, moshi ukatanda kila mahali.

Kitsao ndiye aliyetega sikio ukutani, akasikia moto ukinguruma kando ya chumba cha baruti. "Tutalipuka sote!" akapiga kelele. Bila yeye, hakuna ambaye angejua. Lakini alisikia na kitu kingine mle ndani, kama mtu anayekohoa. Akajiambia ni chuma kinapasuka.

Msellem ndiye aliyewaongoza wenzake ndani ya moshi mpaka mlangoni. Njiani walipishana na watu wa baruti wakikimbia kutoka. Akawagusa mabega, akihesabu. Wanne. Walioingia walikuwa watano, wa tano akiwa Faki mpishi, maana siku ya mapigano hata mpishi hupandisha makombora. Msellem akadhani amekosea kuhesabu. Akanyamaza.

Shomvi ndiye aliyeufunga mlango, kisha akazungusha gurudumu la kuingiza maji ya bahari chumbani. Mkono wake mwingine ulikuwa bado kwenye komeo. Akahisi komeo likivutwa kutoka ndani.

"Vipi?" Kitsao akauliza.

"Bado kidogo," akajibu Shomvi. Akalishikilia mpaka likatulia.

Moto ukazimika. Watu mia na arobaini wakaokoka. Maji yalipotolewa, Faki alikutwa nyuma ya mlango.

Nahodha akaleta nishani moja. "Chagueni wenyewe wa kuivaa," akasema. Hakuna aliyeigusa. Hapo ndipo kila mmoja alipomwaga siri yake mbele ya wenzake. Meli ilipotia nanga Mombasa, wakaipeleka nishani kwa mjane, Bi Mwanasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Niambieni, Faki alikufaje?"

Wakamweleza yote, kila mtu fungu lake, bila kuficha. Bi Mwanasha akajiziba mdomo kwa kanga.

"Ndugu yangu alikuwa kwenye meli hiyo hiyo," akasema hatimaye. "Yu hai kwa sababu yenu. Nishani nitaipokea. Lakini anikabidhi yule aliyemuua mume wangu, nijue ni nani wa kumsamehe."

Kitsao akaishika. "Ni mimi. Ningesema nilichosikia, mlango usingefungwa."

"Wewe ulisikia sauti tu," akasema Msellem, akiishika naye. "Mimi nilihesabu watu."

Shomvi akaweka mkono wake juu ya mikono yao. "Nyinyi mlidhani. Mimi nilijua."

"Na ungekuwa pale tena, ungefungua?" Bi Mwanasha akamuuliza.

Mama yule amekunjua kiganja, anangoja. Je, wewe ungeamua vipi? Nishani itoke mkononi mwa nani?