Mlinzi wa Ghala la Wote

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Ya leo inatisha kidogo. Mwoga amshike mkono jirani yake.

Zamani hizo, kale hasa, bonde zima la viazi lilikuwa mali ya Nyati mmoja. Wanyama walilima, Nyati akala. Wao waliachiwa maganda. Mwaka mmoja wakachoka. Wakamzunguka, wakapiga kelele, yoo! yoo! yoo!, wakamfukuza mpaka nyuma ya milima.

Wakakaa kikao. Alikuwamo Pimbi mmoja mjane, jina lake Nyamizi, mwenye watoto watatu na mguu mmoja mbovu.

Mhanga, yule mchimbaji hodari, akasema, "Jamani, shamba sasa ni letu sote. Tulime pamoja, tuweke ghala moja."

"Na kugawana je?" Ngiri akauliza. "Anayelima zaidi apate zaidi!"

Mhanga akamjibu, "Na dada Nyamizi na mguu wake ule, ale nini? Kila mmoja afanye kazi kadiri ya nguvu zake, apewe kadiri ya haja zake."

Watoto, shikeni hapo. Mali iwe ya wote, kila mtu apate kwa kazi yake: wakubwa wengi huuita ujamaa. Mali iwe ya wote, kila mtu apate kwa haja yake: huo huitwa ukomunisti. Wanyama walibishana mpaka jua likapinda. Wakalikubali neno la Mhanga, Ngiri naye akakubali shingo upande.

Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri. Nyamizi alipalilia huku akichechemea, akapewa viazi vya kuwatosha watoto wote watatu. Alilia kwa furaha. Hakuwahi kushiba vile.

Ghala likataka mlinzi. Wakamchagua Nguchiro, maana hakuogopa hata nyoka. Nguchiro akasema, "Nyati anaweza kurudi. Nahitaji wasaidizi." Akaleta mbwa mwitu wanne. Akafunga mlango wa ghala.

Mgao ukapungua. Ukapungua tena. Nguchiro akanenepa.

Kanga akauliza mbele ya wote, "Bwana Mlinzi, viazi vyetu vinakwenda wapi?"

Kesho yake Kanga hakuonekana. Njiani palikuwa na manyoya tu.

"Kanga alikuwa mtu wa Nyati," Nguchiro akatangaza. "Kuna mwingine mwenye swali?"

Wanyama wakatawanyika mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo wanyama wakaogopana. Jirani hakumsalimu jirani. Mama aliziba mdomo wa mtoto. Mhanga peke yake akaenda ghalani akagonga mlango, ngo! ngo! ngo! Hakurudi.

Adhuhuri moja Nyamizi akasikia nyayo nje ya pango lake. Cha, cha, cha. Akaingia Nguchiro, na mbwa mwitu wawili nyuma yake.

"Shikamoo, Bwana Mlinzi."

"Marahaba. Kesho asubuhi, kikaoni, utasema ulimwona Mhanga akizungumza na Nyati."

"Lakini sikumwona, bwana."

"Utasema ulimwona. Ukisema, watoto hawa watashiba. Usiposema..." Akawatazama watoto, mmoja mmoja, taratibu. Akatoka.

Nyamizi akawakumbatia wanawe. Mdogo alikuwa mwepesi kama jani kavu. Akajiambia, nitasema. Ni neno moja tu. Nitasema, tule.

Asubuhi wanyama wote wakakusanyika. Mbwa mwitu wakasimama pande nne.

"Nyamizi, sema!"

Nyamizi akasimama. Akafungua kinywa aseme lile neno, halikutoka. Likatoka jingine.

"Mhanga ndiye aliyenichimbia pango nilipovunjika mguu. Sikumwona na Nyati. Wanangu wana njaa. Fungueni ghala, tuone."

Mbwa mwitu wakanguruma, ngrrr! Wakaanza kumsogelea. Nyamizi akafumba macho.

Akasikia mtu anasimama ubavuni kwake. Alikuwa Ngiri. "Mimi pia sikumwona," akasema.

"Hata mimi," akasema Sungura.

"Na mimi!" "Na mimi!" Bonde zima likasimama. Mbwa mwitu wakahesabu pembe, wakahesabu meno, wakarudi kinyumenyume. Kisha wakatimka, tifu! tifu! tifu! Nguchiro akawafuata mbio.

Wakavunja mlango. Ghala lilikuwa karibu tupu. Katika shimo nyuma ya mlango wakamkuta Mhanga, amekonda, yu hai. Kanga hawakumpata kamwe.

Wengine wakasema, "Tumrudishe Nyati. Yeye alikuwa mlaji mmoja tu."

Nyamizi akakataa. "Nilishiba mwaka ule wa mavuno ya kwanza, nami nakumbuka. Shamba libaki letu. Lakini mlango usiwekwe tena, na mlinzi abadilishwe kila mwezi mpya."

Wakafanya hivyo. Hawakushiba mara moja. Mwaka ule ulikuwa mgumu. Na Nyamizi hakuacha kuogopa. Kila mwezi alikwenda ghalani akitetemeka, akauliza, "Viazi vyetu viko wapi?" Nao wakamwonyesha.

Basi mafunzo ni haya: kugawana ni jambo jema, lakini mkimpa mmoja ufunguo na mkaogopa kumuuliza, mmejipatia bwana mwingine.

Ngano yangu inakomea papa hapa. Mwenye swali, aulize.