Mzinga wa Uchochoro wa Kisimani

Hapo zamani, siku ya Jumanne, tarehe tano ya Mfunguo Tatu, vita vya Pongwani vilikwisha. Adui walikuwa wameuzingira mji kwa miezi tisa. Sultani Shebwana hakutoroka wala hakufungua lango. Alikula majani ya kunde pamoja na raia wake, hata adui wakachoka, wakaenda zao.

Basi amani ilipotimia mwaka mmoja, Sultani akaudhika. Watu walizungumza habari za samaki, harusi na mvua. Yeye hakuna aliyemtaja. Akamwita Shee Kitete, fukara aliyejulikana mjini kwa maneno mengi na kanzu moja.

"Shee," akasema, "nataka kila mtu wa mji huu anitaje kwa jina kila siku, nikiwa hai na nikiwa kaburini. Usiwaamuru, usiwalipe, usiwatishe. Jina langu liwatoke wenyewe, rohoni. Ijumaa nitasikiliza kwa masikio yangu. Ukishindwa, utahama mji huu, wewe na mkeo."

"Inshallah, Seyyid yangu. Naomba ule mzinga wako wa vita, na watu wanane wa kuubeba."

Mzinga ule ulifyatuliwa mara moja tu katika vita vyote, ukabomoa jiko la Sultani. Akapewa.

Mkewe, Mwana Esha, aliposikia akaanza kukunja mikeka. "Laiti ungenyamaza siku moja tu katika umri wako!"

"Kunja polepole, mke wangu. Ijumaa bado."

Mji ulikuwa na kisima kimoja cha maji matamu, na njia ya kukiendea ilikuwa moja, uchochoro ambao watu hupishana kwa ubavu. Shee akaulaza mzinga pale penye kona, ukakingama njia, kimo chake sawa na muundi wa mguu wa mtu mzima. Kisha mpiga mbiu akatangaza: "Mzinga huu ni wa Sultani Shebwana, umewekwa hapa kwa heshima yake!"

Ikawa Ijumaa, Sultani akavaa kanzu kuukuu na kujitanda kilemba usoni, akajibanza na Shee katika mlango wa nyumba tupu.

Akaja mchukuzi wa maji. Ngo!

"Shebwana! Umenivunja mguu!"

Wakaja wanawake wawili na mitungi. Ngo! Ngo!

"Shebwana huyu!"

"Vita vimekwisha, yeye bado anatupiga!"

Akaja kadhi, kichwa juu. Ngo! Kadhi akataja jina la Mungu, kisha, kwa sauti kubwa zaidi, la Shebwana.

"Shee!" Sultani akanong'ona kwa hasira. "Hawa wananilaani!"

"Seyyid yangu, uliniagiza wakutaje. Kukusifu hukuniagiza. Na hebu niambie, jina haliwatoki rohoni?"

"Utanitambua leo!" Sultani akatoka mbio kwenda kuwaita askari. Ngo!

"Shebwana wee!" akalia, akirukaruka kwa mguu mmoja, kisha akaanguka.

Kizee mmoja, Bi Mwanate, alikuwa akiuvuka mzinga na ndoo yake kwa mazoea. Akamwinua.

"Pole, baba. Mgeni wewe? Tumezoea sisi. Huyo Shebwana ni mkaidi kama chuma hiki. Umwambie ondoka, umsukume, haondoki. Ndiyo maana wajukuu zangu wangali hai."

Sultani akacheka, akacheka hata kilemba kikaanguka.

"Kumbe ni wewe!" akasema Bi Mwanate. "Basi uondoe mzinga wako!"

Sultani hakuuondoa. Mwana Esha akaikunjua mikeka, na Shee Kitete akapewa kanzu ya pili.

Sultani Shebwana alifariki miaka kumi na mmoja baadaye. Mrithi wake aliamuru mzinga uondolewe. Siku ya tatu wenyeji waliurudisha, bila kuamriwa na mtu. Mrithi akaenda kisimani kujionea mwenyewe. Alijikwaa, akamtaja Shebwana.