Kenge na Sanduku Lisilo na Moshi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa sanduku!

— Lina nini?

Linapika bila moshi!

— Uongo!

Uongo wangu, masikio yenu. Nilete, nisilete?

— Lete!

Hapo kale, kale ya juzijuzi tu, alikuwepo Bi Kindi na watoto wake. Jirani yao alikuwa Bwana Kenge. Kenge hakuwa na jiko, hakuwa na sufuria, hakuwa na haya. Alikuwa na tumbo.

Kila siku Kenge alikaa akitazama mapaa ya watu. Moshi ukitoka, huyo mbio!

"Hodi, hodi!"

"Karibu."

"Mnakula?"

"Tunakula. Karibu chakula."

Maana kwao, mtu akikukuta unakula usimkaribishe, umeuaibisha ukoo mzima. Basi Kenge anakaa. Kwapu, kwapu, kwapu! Chungu kitupu. Watoto wa Kindi wanalamba mwiko, wanalala na njaa. Roho ilimuuma sana mama yao, lakini mgeni utamfukuzaje?

Umeme ulipofika, shangazi yake Kindi akamletea maikrowevu. Watoto wakalizunguka sanduku lile.

"Bibi, moto uko wapi?"

"Kuni zinatiwa wapi?"

"Mbona sahani inazunguka, inatafuta nini?"

Shangazi akacheka. "Humu hamna moto. Linayatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula. Yanatikisika, yanatikisika, mpaka yanapata joto na chakula kinaiva. Kijiko cha chuma msitie, kitatoa cheche. Na yai msitie na ganda lake. Mvuke ukikosa mlango, unabomoa ukuta."

Wakamenya viazi, wakatia. Vuuuuu... ting! Moshi? Hakuna. Kenge? Hakuja. Siku hiyo watoto walishiba mpaka wakacheua, na mama yao akafurahi mpaka machozi yakamtoka.

Huko kwake Kenge anatazama paa, hola. Kesho yake, hola. Lakini mashavu ya watoto wa Kindi yanazidi kuvimba! "Wanapikia wapi hawa? Wanapika na nini?" Udadisi ukamwasha kuliko njaa. Akanyemelea hadi dirishani. Vuuuuu... ting!

"Hodi, hodi!"

"Karibu."

"Mnakula?"

"Tunakula. Karibu chakula."

Kwapu, kwapu, kwapu! Viazi vyote. Kisha akafungua sanduku, akatia kichwa, akanusa huku na huku. "Moto mmeuficha wapi?" Macho yake yakaangukia kikapu cha mayai. "Na hayo nipikieni!"

Yalikuwa mayai ya watoto, chakula chao cha kesho. Kindi akawaza: huyu ukitaka afanye jambo, mkataze. Akasema kwa upole, "Jirani, yai livunje kwanza kwenye bakuli, ulikoroge. Usilitie zima."

"Ahaa! Nivunje, nusu ibaki bakulini mlambe nyinyi? Sisi akina Kenge yai tunameza zimazima!"

"Usilitie zima, jirani."

"Natia!"

"Litapasuka, jirani."

"Lipasuke!"

Sikio la kenge mnalijua, halisikii mpaka litoke damu. Vuuuuu... ting! Yai limetulia, jeupe, kama halijaguswa. Kenge akamcheka Kindi, akalitupa kinywani, akabana meno.

PWAAAA!

Kiini kikamtokea puani! Kenge akatoka mbio hadi mtoni. Mpaka leo ukimwona, ulimi nje, ndani, nje, ndani. Anaupoza. Na akisikia ting, hata ya kengele ya baiskeli, humwoni tena. Watoto wa Kindi wakala mayai yao, yaliyovunjwa bakulini, na hakuna aliyepiga hodi.

Hadithi imeiva, naiepua. Ikiwa tamu, tuilambe sote. Ikiwa mbichi, nirudishieni niipashe.

Na funzo lake, sikilizeni vizuri: kwenda kwa watu saa ya kula bila kualikwa ni tabia mbaya sana. Mimi mwenyewe siipendi hata kidogo. Mtu mwenye adabu hukaa kwake na...

Hebu nyamazeni. Mmesikia? Ting! Jikoni kwa nani hiyo? Kwenu, Siwatu?

Haya, inukeni. Siwatu, tangulia ukamwambie mama mgeni yuko njiani.